Figo ya Mtu wa Rika Lako

Basi la kwenda Wasso lilisimama Karatu tunywe chai. Mezani kwangu walikaa wanaume wawili wa Kimasai. Mmoja alikuwa amevimba uso na miguu, hata kandambili zake za matairi hazikumtosha.

"Figo zimekufa," mwenzake aliniambia bila kuulizwa. "Nilitaka kumpa yangu moja. Daktari ametupima huko mjini, anasema damu zetu zinalingana, lakini tishu haziendani. Mwili wake utaikataa."

"Hana ndugu wa kuzaliwa naye?" niliuliza.

"Hana. Lakini mimi ni rika lake! Tumetahiriwa pamoja, tumekula nyama pamoja porini. Nikamuuliza daktari, huyu atanikataaje mimi?"

Mgonjwa alitabasamu akiitazama meza. "Daktari alisema mwili haujui rika."

Mhudumu akawaletea chai ya maziwa, vikombe viwili. Mgonjwa alikisukuma chake taratibu. "Nimekatazwa, dada. Hata maji napimiwa."

Mwenzake alikuwa ameshainua kikombe mpaka mdomoni. Akakirudisha mezani. Morani, kijana askari wa Kimasai, hanywi maziwa peke yake bila mtu wa rika lake, ingawa hawa umorani walikwisha kuuacha zamani.

"Kunywa wewe," mgonjwa alimsihi. "Safari ni ndefu."

"Nimeshiba."

Dereva alipopiga honi, vikombe vyote viwili vilikuwa vimejaa, vimefanya utando juu.

Mimi nina ndugu watano wa tumbo moja. Huenda figo zao zote zingenifaa. Njia nzima nilijiuliza ni yupi kati yao angeiacha chai yake ipoe.