Mafuta ya Kumridhisha Mgeni

Mwanangu, weka huo mfuko chini, ukae. Iko siku moja naikumbuka kila nikinusa poda ya mtoto, na leo umeingia nayo humu ndani.

Nilikuwa bado msichana tu, nimerudi kutoka Karagwe, ambako wazazi wangu walikimbilia na wakazikwa huko. Niliolewa hapa Gisenyi, mtaa wa Mbugangari, na mwanamume ambaye nusu ya ukoo wake iko Goma, ng'ambo ya mpaka. Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Mpaka huo leo uko wazi, kesho umefungwa, na njia ya Kanzenze, walikovizia waasi, mtu aliipita huku anaomba Mungu. Katikati ya hofu hiyo nikajifungua msichana, tukamwita Keza. Sikuwa na mama wa kumwuliza chochote.

Siku ya kumpa jina nyumba ilijaa. Mama mkwe alivuka mpaka na chupa kubwa ya losheni, ina picha ya mtoto wa Kizungu anayecheka. Wifi yangu Zaina alileta poda na sabuni ya waridi. Jirani naye akaja na mafuta ya zambarau, yanukia kama saluni. Mimi nilikuwa na kikopo cha samli, kama ile mama yangu aliyowapaka wadogo zangu. Zaina aliinusa, akaziba pua.

"Hii inanuka ng'ombe. Mutoto wa mujini anapakwa hii?"

Watu wakacheka. Nilicheka nao, nikaisukuma samli chini ya kitanda.

Sasa sikiliza ujinga ulivyo na adabu. Nilidhani aliyeleta zawadi anataka kuinusa kwa mtoto. Basi jirani akipiga hodi, ninampaka Keza mafuta ya zambarau haraka haraka. Zaina akija, ninamwogesha kwa sabuni yake na kumnyunyizia poda mpaka shingoni. Nikisikia watu wa Goma wanakuja, losheni juu ya hiyo poda. Kila mmoja alimbeba, akamnusa, akafurahi, na mimi nikaona nimekuwa mke mzuri. Usinitazame hivyo. Ungekuwa mgeni kwenye ukoo wa watu, huna hata shangazi wa kukutetea, ungefanya hivyo hivyo.

Ngozi ikaanza kuwa nyekundu kwenye mikunjo ya shingo na kwapani. Zaina akasema ni joto, niongeze poda. Nikaongeza. Ikaanza kutoa maji. Jirani akasema mafuta yake yanakausha. Nikapaka. Halafu Keza akawa anashika ziwa kidogo na kuliachia, analia, anageuza uso. Nami nilikuwa najipaka losheni ile ile kifuani, ninukie vizuri mbele ya watu. Nilikaa na maziwa yanadondoka kwenye nguo na mtoto hayataki. Nililia mchana kutwa, mwanangu. Baba yake alikuwa anasimama mlangoni, anatazama, anatoka tena nje.

Mama mkwe hakuwepo siku hizo zote, mpaka ulikuwa umefungwa. Ulipofunguliwa alikuja asubuhi hiyo hiyo. Nilisikia sauti yake uani, nikakimbilia chupa yake. Alinikuta naimimina mkononi. Akamfunua mtoto, akaangalia shingo, akaketi chini kwenye saruji na kitenge chake kipya.

"Ni nani alikuambia umupakaze hii?"

"Ni zawadi yako, mama."

"Bon. Mi nilileta juu ya heshima. Bibi ataingia mikono mitupu mbele ya watu? We ungeweka kwa kabati, basi, imeisha." Akaichukua chupa mkononi mwangu. "Donc ulikuwa unamupakaza mutoto juu yetu sisi?"

Ndivyo ilivyokuwa, nilimpaka kwa ajili yao. Hakupaza sauti hata kidogo, na mpaka leo naona afadhali angenipiga. Akamwita mwanawe, tukaenda hospitali kwa miguu, yeye ndiye amembeba Keza. Daktari alisema ugonjwa umeingilia kwenye ngozi iliyochanika, umefika kwenye damu, na mtoto hana nguvu kwa sababu hanyonyi. Walimtundikia dripu. Hakumaliza wiki.

Mama mkwe ndiye aliyemwosha, kwa maji matupu. Matangani walikuja wale wale waliokuja kwenye jina, na zawadi zao zilikuwa bado zimepangwa juu ya kabati, wanaziona. Losheni ile tulikuja kuimaliza wenyewe, tukipaka miguuni kwenye baridi ya asubuhi, maana haikuwa nyumba ya kutupa kitu. Niliipaka, mwanangu. Nikaendelea kuishi.

Sikuelezi haya ili nijilaumu, nimechoka na kazi hiyo. Nakueleza kwa sababu mfuko wako umejaa, na nusu yake umenunua kwa sababu ya macho ya watu. Mtoto mchanga mwogeshe kwa maji ya vuguvugu, mkaushe vizuri kwenye mikunjo. Ukitaka mafuta, chagua aina moja isiyonukia, ukae nayo hiyo hiyo. Ngozi ikibadilika, acha kila kitu. Na mtoto akikataa ziwa usimwulize jirani, mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama una mgeni sebuleni. Zawadi pokea kwa mikono miwili, shukuru, funga kabatini. Anayetaka kuinusa na ajipake mwenyewe.

Mungu akupe uzazi mwepesi. Akuletee wageni wengi, na akupe moyo wa kuwaacha waondoke wamenuna. Mtoto wako akue, aote meno, aharibu nguo, afike umri wa kukujibu jeuri hapo mlangoni. Siku hiyo atakapokujibu, usimpige. Msikilize tu sauti yake.