Mlango Ulionyooka

Basi lilinishusha kwenye theluji ya magotini, mbele ya jengo lililofura kama andazi. Nikavuta mlango wa karibu.

“We! Unataka kutuua?” alifoka mzee mwenye jaketi la manjano. “Zunguka kama wenzio.”

Huyo ndiye Verlyn Tollefsrud, bawabu wa lango la saba tangu uwanja ulipofunguliwa. Alinipitisha kwenye mlango wa kuzunguka, kisha akanieleza. Paa la uwanja ule wa mpira wa Kimarekani halikuwa na nguzo hata moja. Lilikuwa kitambaa kilichobebwa na hewa, na hewa ilisukumwa na feni mchana na usiku. Mlango ulionyooka, kama ule niliouvuta, ukifunguliwa, hewa hutoroka na paa hushuka. Katika uwanja wa zamani, uliokuwa wazi, baridi ilimkata baba yake vidole viwili vya mguu. Verlyn alilipenda paa lile kama mtoto wake.

“Na mlango huo ukifunguka, usishike chuma chake cha kusukumia,” alisema. “Upepo utakunyofoa mkono.”

Mechi iliisha, timu ya nyumbani imefungwa. Watu wakaanza kutoka.

“Rudini mkakamue ng’ombe!” shabiki mmoja wa nyumbani aliwazomea wageni wenye jezi nyekundu, watu wa jimbo la wafugaji.

“Mliokamuliwa leo ni nyinyi!”

Ngumi ikatua. Nikaona meno yakidondoka kwenye bia iliyomwagika. Wakapigana hadi ndani ya mlango wa kuzunguka, ukakwama, na umati ukazidi kusukuma kutoka nyuma. Mama mmoja alibanwa shavu kwenye kioo, midomo ikigeuka bluu. Nyuma yake walikuwa bado wanapigana mateke.

Verlyn akashika redio ya mawasiliano, akamwita bosi wake. “Gordy, kuna mama anakufa hapa. Nafungua ulionyooka.”

“Usithubutu! Juu kuna theluji futi mbili. Kitambaa kitachanika!”

“Chini ya paa, huku mwisho wa uwanja, kuna mtu?”

“Hakuna, lakini ukifungua, kazi huna!”

Verlyn alimtazama yule mama. Akausukuma mlango, na kwa haraka yake akashika chuma.

Upepo ulinguruma. Mkono wake ulivunjika kwa mlio wa kuni kavu. Wapiganaji walirushwa nje kama makapi, mmoja akapasuka kichwa kwenye barafu. Umati ukafuata njia hiyo mpya, msukumo ukalegea, na yule mama akaanguka akihema. Juu, pembe ya paa ilichanika. Theluji ikaporomoka kwenye nyasi tupu kwa kishindo cha radi.

Gordy alikuja akikimbia. “Umeliua paa, mzee!”

“Paa hushonwa,” Verlyn alisema, damu ikimtoka kwenye mkono.

Gordy akamvua jaketi la manjano taratibu, upande wa mkono mzima kwanza. Wabeba machela wakampitisha kwenye mlango ulionyooka, ule ambao hakuwahi kuupita. Upepo ukawasukuma hadi kwenye gari.

“Wewe mgeni,” Gordy aliniita, “njoo usaidie.”

Tulikuwa watu sita. Tukauwekea mlango mabega kutoka nje na kuufunga nyuma yake, na hakuna aliyeshika chuma.