Papa Kabamba Alivyotuletea Amerika Saluni

Papa Kabamba aliingia saluni kwangu Matonge, mtaa wetu Waafrika huku Ubelgiji, siku moja ya baridi kali, akawapita wateja wote, akaketi kwenye kiti kilichoegemea radiateur ya kupasha chumba joto. Nywele za kusuka hakuwa nazo. Kichwa chake kiling'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa.

"Papa, hicho kiti ni cha wateja," nikamwambia.

"Bon, maman Rukiya, mi sikuje kukaa bure. Nitalipa na maneno."

"Maneno ninayo ya kutosha. Huwasikii hawa?"

"Ya kwabo ni ya Matonge. Ya kwangu ni ya Amérique."

Kitu nisichokijua bei sikifukuzi kabla sijakigeuzageuza. Kusuka rasta ni kazi ya nusu siku, na mteja akichoka huanza kubishana bei upya. Mtu wa kumchangamsha anafaa. Tukapatana: kiti na chai kwake, hadithi kwangu, na siku atakayochosha watu atoke.

Alikuwa mtu wa Kalemie, mwenye koti moja zuri na soksi zisizofanana. Huku Ubelgiji alifagia shule ya watoto wa Wamarekani nje ya mji, na walipotupa vitabu vikuukuu akaokota kimoja cha historia ya kwao. Alikichimba kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa. Kasoro yake, kitabu kilikuwa kimechanika. Kiliishia 1920, pale pombe inapopigwa marufuku na wanawake wanapopata kura. Sisi tulikuwa 1996, ila kwa Papa Kabamba Amerika ilikuwa bado imesimama hapohapo.

"Kule bia hakuna," aliwaambia wanawake. "Ndiyo maana mi nakunywa Fanta tu. Siku nitapata visa, nisihangaike."

"Hata moja?" akauliza Lucienne, ambaye nywele zake zilikuwa nusu zimesukwa, nusu zimesimama.

"Hata moja."

"Sasa batu banazika wafu na nini?"

"Na sirop."

Saluni nzima ikamhurumia Mmarekani. Akawatuliza kwa habari ya shamba: huko serikali inakugawia ekari mia moja na sitini, ulime miaka mitano, iwe mali yako. Yeye alishachagua mbegu. Angepanda mihogo.

Basi nikaja kumhitaji. Chama cha akina mama wa Kivu na Tanganyika kilikuwa kinachagua rais, na rais ndiye anayechagua pagne ya sare, kitenge ambacho kila mwanachama lazima avae siku ya sherehe. Mimi nilikuwa na marobota ya pagne ya kijani yenye jogoo walioshika miavuli. Usiniulize jogoo anaogopa mvua ya wapi. Niliinunua kwa sababu ilikuwa rahisi, na sasa nilijua kwa nini ilikuwa rahisi. Maman Émérance wa Etterbeek aliniahidi: akishinda, sare ni jogoo. Lucienne akishinda, sare ingetoka kwa shemeji yake anayeuza soko la Jumapili pale Gare du Midi. Na Lucienne alikuwa na watu ishirini hapa Ixelles, ndiko Matonge iliko, Émérance kumi na mmoja kwao Etterbeek.

Nikamweleza Papa Kabamba. Akapuliza chai yake.

"Kule Amérique, muntu anaweza kupata batu kidogo na akakuwa président. Hawahesabu batu, bahesabu majimbo. Kila jimbo liko na bajumbe yake, na hata lile la kidogo kabisa linapata batatu, na anayeshinda jimbo anabeba bote."

"Papa," nikasema, "ukiwafanya hawa wachague hivyo na Émérance akashinda, kiti ni chako mpaka ufe. Akishindwa, utafute radiateur nyingine."

Akakubali. Kuwashawishi akina mama haikuwa shida. Mwaka uliopita walipiga kura kwa kunyoosha mikono, na wengine walinyoosha miwili. Mitaa yetu ikawa majimbo matatu: Ixelles wajumbe sita, Etterbeek wanne, Uccle watatu. Mshindi alitakiwa kupata saba. Lucienne alisikia sita, akaona ndiyo kubwa, akapiga makofi.

Uccle nzima ilikuwa na mwanachama mmoja. Alikuwa Mauwa, mwanamke mpole aliyemtunza bibi kizee wa Kibelgiji aliyewahi kuishi Chicago. Mpaka siku ile hakuna aliyemwuliza hata hali yake. Wiki ile alipata sufuria ya sombe kutoka Etterbeek, kuku kutoka Ixelles, gari la shemeji wa Lucienne kumpeleka sokoni, na kwangu rasta za bure pamoja na gauni la jogoo lililokwisha kushonwa. Kila aliyempa kitu alijibiwa: "Aksanti sana, maman. Mungu akubariki." Ahadi hakutoa hata moja. Nami sikuushtukia mchezo, mimi niliyekulia sokoni Bujumbura.

Siku ya kura Ixelles ikaenda kwa Lucienne, sita. Etterbeek kwa Émérance, wanne. Mauwa akasimama na gauni lake la jogoo.

"Uccle inachagua Mauwa."

"Mauwa gani?" akauliza Lucienne.

"Mie."

Wakamgeukia Papa Kabamba. Jasho lilimtoka kichwani, na radiateur ilikuwa imezimwa.

"Ilifika hata kule, mwaka 1824. Hakuna aliyefikisha hesabu. Bunge njo liliamua, na batu bakasema bakubwa bamepatana kwa siri."

Wagombea watatu wakajifungia kwenye chumba changu cha mèches, zile nywele za bandia. Nikatega sikio mlangoni. Chumba ni changu.

"Yeye asipate," alisema Émérance.

"Afazali nife kuliko yeye," alisema Lucienne.

"Alors, nipate mie," alisema Mauwa. "Fufu inapoa."

Akatoka akiwa rais. Sare akachagua jogoo, kwa sababu gauni alikuwa nalo tayari na hakutaka kununua lingine. Ila alinibana bei mpaka nikamwuliza kwao ni wapi, na juu yake akadai asukwe bure muda wote wa urais. Marobota yaliondoka yote. Faida yake huenda ingetosha kununua mwavuli mmoja wa jogoo.

Papa Kabamba nilimwachia kiti. Émérance hakushinda, lakini pagne zilikwisha, na mimi sivunji mapatano yaliyoniondolea mzigo. Siku ya sherehe alivaa shati la jogoo, chupa ya Fanta mkononi. Mauwa akaketi karibu naye.

"Papa, bibi yangu wa Chicago ameniambia. Ile sheria ya bia baliifuta zamani, 1933."

Papa Kabamba akaiweka chupa mezani.

"Na shamba?"

"Shamba pia lilikwisha, papa."

Akaitazama Fanta yake, akaniita.

"Maman Rukiya, ile kiti iko yangu kweli?"

"Ni yako."

"Bon," akasema, akainuka kwenda kutafuta bia.