Korja ya Leso na Moli ya Oksijeni

Leso mpya ina harufu yake, ya wanga na rangi ambayo haijaonja maji, na mpaka leo nikiinusa hupandwa na hasira. Nyumba yetu ya Msambweni ilijaa harufu hiyo tangu utotoni mwangu, na ilikuwa ingali imejaa mwaka nilipokuwa kidato cha pili. Mama alikuwa akiwapindia wenye maduka leso kwa cherehani yake. Zilikuja kwa korja, ishirini ishirini, kila leso vipande viwili vilivyoungana. Kazi yangu ilikuwa kukata. Korja moja, leso ishirini, vipande arobaini: hesabu hiyo niliijua kabla sijajua kusoma.

Kwa hiyo siku mwalimu wa kemia alipouliza moli moja ya gesi ya oksijeni ina moli ngapi za atomi, na darasa zima likajibu moja, mimi nilisimama nikasema mbili. Moli ni jina la idadi tu, nikaeleza, kama korja. Na O₂ ni atomi mbili zilizoshikana, kama leso ambayo haijakatwa. Jibu lilikuwa sahihi, naye alilijua. Lakini alicheka mpaka darasa likacheka naye. "Hapa ni maabara, si kibarazani kwa mamako," akasema, akanitoa nje kwa utovu wa adabu. Mama alipoitwa shuleni alikuja na buibui lake la Idi, nami nikadhani atanitetea. "Niwie radhi, mwalimu," alisema, macho chini. "Makosa ni yangu, nimemzoesha mambo ya nyumbani." Siku ile nilimkasirikia yeye kuliko mwalimu. Orodha za masomo ya kidato cha tatu zilipobandikwa, kwenye ya kemia sikuwamo, na ndoto yangu ya kuwa mfamasia ikaishia pale ukutani.

Leo cherehani ni yangu, na binti yangu yuko kidato cha pili. Juzi alinisomea kitabu chake: moli ni kama dazeni ya mayai. Dazeni! Ikiandikwa kitabuni, dazeni ni elimu. Korja ya mama yangu ni utovu wa adabu. Nikatwaa leso, nikaikata mbele yake, nikamwambia ahesabu vipande, na kesho akalieleze darasa zima. Bibi yake, ambaye siku hizi haoni hata kutia uzi kwenye sindano, akainua kichwa.

"Usimwambie hivyo, mwanangu," akasema. "Mwalimu asije akakasirika."

Miaka yote hii, na mama yangu bado anaogopa kwa kosa ambalo hakulifanya. Kemia nimeshaisamehe. Hofu hiyo aliyotiwa mama, la.