Upepo wa Mlangoni kwa Mama

Tangu mama apasuliwe uvimbe wa shingoni, sauti yake imebaki ndogo. Nyumbani kwetu Nachingwea tumeshazoea. Tunazima redio, tunamsogelea. Tatizo ni gari. Baba ana Pijo ya zamani ya milango minne, ipo tangu sijazaliwa, na humo ndimo wao wawili walikuwa wanapigia stori zao. Wakienda kumsalimia bibi kijijini Chunyu, kule Ruangwa, mama alikuwa anaanza kuongea kabla hata gia haijaingia. Nimekua nikiwasikiliza kutoka siti ya nyuma, wakibishana kuhusu mbaazi, kuhusu ndugu, kuhusu nani alinuna kwenye arusi ya nani.

Safari ya kwanza baada ya hospitali, gari iliposhika mwendo, upepo ukaanza kupiga miluzi mlangoni kwa mama. Siku zote ulikuwepo, ila sauti yake ya zamani ilikuwa inaufunika. Mama akasema kitu.

"Eeh?" baba akauliza.

Akarudia.

"Eeh?"

Mama akapunga mkono. "Basi, si kitu." Akageukia dirishani. Tukaenda hivyo mpaka Chunyu, tukarudi hivyo hivyo. Mimi huko nyuma roho iliniuma. Nilijua akizoea kusema "si kitu", ataacha kuongea kabisa.

Asubuhi yake nikamwambia baba tuuzibe ule mlango.

"Gari hiyo imekuzidi umri," akasema. "Iache ipige miluzi yake."

"Baba, humsikii mama."

Kisha akaenda kutafuta bisibisi.

Mpira unaozunguka mlango ulikuwa umekauka na kubonyea, lakini kwa macho hatukuweza kujua upepo unapenya wapi. Baba akaingia stoo, akatoka na salfa iliyobaki tulipopulizia mikorosho. Tukaupaka mpira wote ule unga wa njano, tukafunga mlango taratibu, tukafungua. Pale mpira unapogusa bodi, kulibaki mstari wa njano. Pale usipogusa, rangi ya gari ilikuwa safi. Kona ya juu, usawa wa sikio la mama, mstari ulikatika, pengo la kama kiganja.

Mimi sina subira. Nilikata tyubu ya baiskeli, nikaikunja nene, nikaibandika kwa gundi chini ya mpira. Mlango ukagoma kufunga. Baba akausukuma kwa nyonga, ukagoma.

"Hapa umeziba upepo na abiria," akasema.

Nikabandua, nikaweka tabaka moja tu. Tukapaka salfa tena, tukafunga, tukafungua. Mstari ukaungana kona mpaka kona. Nilitaka tuwashe gari saa ile ile. Baba akasema gundi ilale kwanza. Nilizunguka uani siku nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kesho yake tukaondoka watatu. Kwa haraka zangu, na baba kwa furaha zake, hakuna aliyekumbuka kuifuta ile salfa.

Tulikuwa hatujafika mbali, nikaona mama anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Anafuta, yanatoka mengine. Baba naye akaona. Akapunguza mwendo, akaegesha pembeni, akazima gari.

"Mama watoto, unalia?"

"Silii."

"Na hayo machozi?"

"Salfa hiyo," mama akasema kwa sauti yake ndogo. "Mmenipulizia kama mkorosho."

Baba alicheka mpaka akainamia usukani. Akashuka, akafungua mlango wa mama, akamnawisha macho kwa maji tuliyobeba ya kunywa. Halafu akalowesha kitambaa na kuupangusa mpira wote, polepole. Nilitaka kushuka nisaidie.

"Kaa," akasema. "Nafanya mwenyewe."

Tukaendelea. Mwendo ulipokolea nikautegea masikio ule mluzi. Ulikuja, lakini mwembamba, kama mtu anapuliza chai. Mama akasema kitu. Nikamwangalia baba kisogoni, nikiogopa "eeh?" nyingine.

"Hapana bwana," baba akajibu, "yule ni mdogo wake. Aliyehamia Matambarale ni mkubwa."

Mama akabisha. Baba naye akabisha. Mama akamkatisha katikati, kama zamani.

Milango ya nyuma hatukuigusa, kwa hiyo kwangu upepo ulikuwa ule ule. Niliona bega la mama linatikisika kwa kicheko na kichwa cha baba kimeinama kidogo upande wake, lakini maneno ya mama hayakunifikia hata moja. Nikasogea, nikaweka kidevu katikati ya siti zao.

"Mnasema nini?"

"Rudi nyuma, mwanangu," baba akasema. "Tunaongea."