Rimu Isiyoita Mtu

Kamati ya bustani ya mapumziko ya Kibaha ilipoamua kuwatengenezea wananchi kitu cha kuwafurahisha, ilinitafuta mimi kwa sababu nilikuwa mwalimu wa sanaa na ufundi, na kwa sababu nilikuwa wa bure. Walitarajia picha ukutani: jembe, mwenge, mama amebeba mganda wa mpunga. Picha za namna hiyo nilikuwa nimeshachora nyingi na nilikuwa nimezichoka. Niliwaambia nitatengeneza kitu ambacho mtu hakitazami tu, anakishika, anakigonga, anakifanya kiseme. Mwenyekiti wa kamati aliuliza kama kitahitaji saruji. Nikasema hapana. Akasema basi endelea.

Bustani yenyewe ilikuwa uwanja wa nyasi kando ya barabara ya Morogoro, wenye ukumbi mdogo wa bati, mabenchi ya zege na banda la soda ambalo siku nyingi halikuwa na soda. Jumapili watu walikuja kutoka Kongowe, Mkuza, hata Mlandizi, wakatandika mikeka na kula walichobeba. Nilisimamisha nguzo za mkaratusi, nikaning'iniza vyuma nilivyookota gereji na kwenye mashamba ya zamani ya mkonge: rimu saba za magari, diski za plau, mabomba niliyoyakata kwa urefu tofauti. Kila chuma kilikuwa na sauti yake. Pembeni nikafunga virungu vilivyovikwa mpira wa tairi, na juu nikaandika kwa rangi nyekundu: GONGA UPENDAVYO.

Kosa langu sikuliona, ingawa aliyelijua nilikuwa nakaa naye nyumba moja.

Baba yangu alikuwa na mwaka wa pili kwangu Mkuza. Kwetu ni upande wa Msimbu, Kisarawe. Watu walipohamishiwa kwenye kijiji kimoja cha ujamaa, yeye ndiye aliyekabidhiwa rimu. Ilitundikwa kwenye mkorosho mbele ya ofisi ya kijiji, na kazi yake ilikuwa kuigonga asubuhi watu waende shamba la pamoja, na saa yoyote pakiwa na mkutano. Aliifanya kazi hiyo kama alivyofanya kila kitu, bila kuchelewa na bila kuuliza. Siku moja wanaume walikuwa makaburini wakimzika mama mmoja wa pale kijijini. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia kuna mgeni amefika kutoka wilayani, gonga. Akagonga. Sauti ilifika makaburini, ikafika na kwenye nyumba ya msiba walikokaa wanawake.

Hakuna aliyemtukana. Watu waliendelea kumwamkia shikamoo, naye akaendelea kuitikia marahaba. Ila waliacha kumkaribisha chakula. Kwetu mtu hapiti penye watu wanaokula asiambiwe karibu, hata kama sinia limebaki ukoko mtupu, hata kama anayepita hajulikani atokako. Baba alipopita, watu waliinamia sahani zao mpaka amalize kupita. Mama yangu alipofariki nilikwenda kumchukua baba. Mimi mwenyewe nilimwonea aibu. Sikumwambia, lakini sikuwahi pia kumpeleka popote Jumapili.

Jumapili ya kwanza ya vyuma vyangu, mama mmoja muuza maandazi alichukua kirungu, akacheka kwa haya, akagonga rimu kubwa ya lori mfululizo bila kupumzika. Alikuwa anafurahi. Na mimi nilifurahi, kwa muda wa dakika mbili hivi. Kisha nikaona wanawake wawili wanakuja mbio kutoka upande wa nyumba, wamebeba ndoo za maji. Nyuma yao wanaume na mapanga, mmoja amevaa kiatu kimoja. Mwisho akaja balozi wa nyumba kumi, daftari kwapani.

"Moto uko wapi?" akauliza mwenye ndoo.

"Hakuna moto," nikasema.

"Mwizi je?"

"Hakuna mwizi."

"Basi ni mkutano," balozi akasema, akafungua daftari na kuanza kuandika majina ya waliofika.

Watu wakakaa kwenye nyasi wakisubiri. Nikasimama mbele yao nikawaeleza kwamba hii ni sanaa. Mzee mmoja alinyoosha mkono akauliza kama kuhudhuria ni lazima.

Mwalimu mzima nilikuwa nimesahau kwamba miaka ile rimu iliyotundikwa ilikuwa na kazi moja tu, kuita watu. Kamati ilinipa Jumapili mbili zaidi. Kama watu watakurupushwa tena, au kama hakuna atakayevigusa, vyuma vitashushwa. Nikaongeza kibao: HAPA SI MKUTANO. Jumapili ya pili hakuna aliyesogea. Nilimsikia mwanamke akimwambia mwenzake kwamba kama si mkutano wasingeandika mkutano. Nilikaa kwenye benchi mpaka alasiri nikivitazama virungu vyangu, nikaumia kweli.

Kesho yake, tukila chakula cha mchana, nilifoka. Nikasema watu hawa wamezoea kuitwa mpaka hawajui tena kucheza. Nilikuwa nimesahau ninakula na nani. Baba aliendelea kutafuna, akameza.

"Huyo wa kwanza aligonga vipi?"

Nikachukua kijiko nikagonga mfuniko wa sufuria: nga, nga, nga, nga, nga.

"Huo ni wito," akasema. "Hata mimi ningetoka mbio."

"Kwani kuna kugonga kwingine, baba?"

"Wito hauna pengo. Ukiacha pengo, mtu haji mbio. Anasikiliza kwanza."

Akanipokonya kijiko. Akagonga mara mbili, akaacha. Mara moja, akaacha. Mara tatu za haraka. Niliitambua. Ilikuwa ngoma ya kumtoa mwali, na ujanani aliwahi kuwa mpigaji wake, kabla hajawa mtu wa rimu. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo bila kuisikia mikononi mwake.

"Jumapili njoo uwaonyeshe," nikasema.

"Rimu siishiki tena."

"Basi watavishusha."

"Wavishushe. Ni vyuma tu hivyo."

Sikumbembeleza. Lakini Jumapili ilipofika alivaa kanzu na kofia, akasimama mlangoni akaniuliza kama tunakwenda kwa miguu. Nikamwambia ndiyo. Njia nzima alinieleza kwamba atanionyesha pengo, basi, na hatakaa.

Pale bustanini alisimama mbele ya vyuma kwa muda mrefu, mikono nyuma. Rimu ya lori aliipita. Akaanza na bomba fupi: mbili, akaacha, moja, akaacha, tatu za haraka. Vichwa vikainuka kwenye mikeka. Balozi akasimama na daftari lake, akatega sikio, akakaa. Baba akarudia. Safari hii, penye pengo, mtu fulani kwenye mikeka akapiga kofi. Akarudia tena, makofi yakawa mengi, kigelegele kikatoka upande wa banda la soda. Muuza maandazi akaja na kirungu, akajibanza kwenye diski ya plau, akatia sauti yake katika lile pengo barabara kabisa. Baada yake walikuja wengine, wakagombea virungu. Balozi mwenyewe alipata bomba moja akaligonga nje ya mapigo kwa bidii kubwa. Mwisho baba akaigusa rimu ya lori, mara moja moja, mahali pake, na hakuna mtu aliyekimbia.

Vyuma havikushushwa. Vilikaa pale miaka, mpaka kutu ikavila na mtu asiyejulikana akaondoka na diski. Lakini nilichokiona siku ile si hicho.

Baba alirudisha kirungu, akaanza kuja nilikokuwa, na njia ilipita katikati ya mikeka. Watu walikuwa wanakula. Nikamwona anashusha macho na kuongeza mwendo, kama alivyozoea. Mkeka wa mwisho kabla ya kunifikia nilimtambua aliyekaa: mwanamke wa kijijini kwetu, aliyeolewa Kongowe. Mama yake ndiye aliyekuwa akizikwa siku ile baba alipogonga rimu. Mbele yake palikuwa na sinia la muhogo. Nilitamani nimkimbilie baba nimpitishe njia nyingine.

Yule mwanamke alimtazama anavyokuja. Kisha akavuta khanga yake upande, mkeka ukapata nafasi.

"Karibu, mzee."

Karibu ya namna hiyo ina jibu lake. Mtu husema starehe, akashukuru, akapita. Ndivyo watu wazima wanavyojibu, na baba alikuwa mtu wa taratibu. Nilisubiri kulisikia. Alisimama kando ya mkeka. Akavua makubazi, akakaa, akaomba maji ya kunawa.