Mzeituni wa Muhidin

Siku hizi mjini Kisumu mafuta ya zeituni hupangwa dirishani mwa maduka yakaangwe na jua, na wanaoyanunua hujiita wajuzi wa afya. Zamani yalitolewa kwa kijiko, na aliyekuwa nayo aliyaficha gizani kama mtu afichavyo ugonjwa.

Muhidin, fundi cherehani wa Kaloleni, aliyaweka chini ya kitanda ndani ya chupa nyeusi iliyozibwa kwa nta. Shemeji yake alimletea kutoka Makka. Kijiko kilikuwa dawa ya sikio, au cha kumkanda mtoto mchanga. Kufikia mwaka wa sitini na nane chupa ilikuwa imebaki na harufu tu, na binti yake Kadija, aliyekwisha kuzika watoto wawili, alikuwa mjamzito tena. Muhidin akaapa mbele ya majirani kwamba mjukuu huyu atakandwa kwa mafuta ya mti wake mwenyewe.

Mti alikuwa nao. Mchuuzi mmoja alimuuzia mche zamani, akila kiapo kwamba umetoka Yerusalemu. Mwaka ule ukazaa. Jirani yake Chege, muuza makaa kutoka Nyeri, alikuja kuutazama pamoja na mkewe Wamucii.

"Bwana Muhidin, hii ni mutamaiyu, mzeituni wa mwituni. Kwetu imejaa msituni. Tunachoma makaa."

"Wewe, Chege, hata ukipelekwa peponi utauliza makaa ni ya mti gani."

"Na hizi zeituni? Ndege akila kumi bado ana njaa!"

"Mwache mzee wa watu," Wamucii alisema, naye anacheka mpaka ameshika ukuta.

Zilikuwa ndogo kama shanga, ngozi na kokwa. Muhidin alizichuma zilipokuwa nyeusi, akazitwanga kinuni, akazimwagia maji ya vuguvugu chunguni, akakiweka chungu kibarazani penye kivuli ili mafuta yaelee. Yalielea machozi mawili matatu. "Yanakuja polepole," aliwaambia watu.

Kadija alijifungua mvulana. Muhidin alikiendea chungu huku akitunga uongo wa kuwapa majirani. Alipofunua, mafuta yalikuwa yametanda juu ya maji, mazito, ya rangi ya majani.

"Chege! Njoo uyaone makaa yako!"

Chege alitazama chungu, akamtazama mkewe. "Nimeshindwa, Mzee. Ni Yerusalemu kweli."

Mtoto alikandwa, akaishi. Mwaka mzima Muhidin hakuwa na hadithi nyingine. Watu walikuja kutoka mbali kama Asembo kuomba kijiko, na kila mmoja alihubiriwa habari za mti kabla ya kupewa.

Mwishoni mwa mwaka wa sitini na tisa mji ulichafuka kwa ghasia za siasa, na watu wa Nyeri wakafungasha kurudi kwao. Muhidin aliwasaidia Chege na Wamucii kupakia lori. Ndani ya kikapu cha vyombo aliona koroboi iliyotengenezwa kwa chupa ya kijani. Karatasi ya duka la dawa ilikuwa bado imeganda ubavuni, yenye picha ya tawi la mzeituni.

Wamucii alimwona akiitazama. Akaifunika kwa leso.

"Mjukuu anaendeleaje, Baba?"

Muhidin alikiinua kikapu, akakipakia taratibu. "Ananenepa."

"Ni yale mafuta ya Yerusalemu," Chege alisema kutoka juu ya magunia, bila kucheka, na lori likashika barabara ya Ahero. Hakuwaona tena.